Treni, kisha boti: twende Unguja au Lamu?

Anayesafiri na shanta mgongoni, bila haraka na bila hamu ya ndege, ana visiwa viwili katika mwambao huu ambavyo reli humsogeza navyo kwa namna mbili tofauti kabisa. Kimoja ni Unguja, kupitia SGR, yaani reli ya kisasa, ya Tanzania inayoishia Dar es Salaam. Kingine ni Lamu, kupitia SGR ya Kenya inayoishia Mombasa. Vyote vina jua, mchanga mweupe na mji wa mawe ulio kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO: Mji Mkongwe tangu mwaka 2000, Lamu tangu 2001. Ukiuliza kipi kizuri zaidi, utapata majibu mengi kama watu uliowauliza, na wote watakuapia.

Mimi nauliza jingine: treni ikishasimama, nimebakiwa na safari gani hadi majini?

Dar es Salaam, jibu ni kutembea kwa miguu. Mombasa, jibu ni zaidi ya kilomita 300 za basi kuelekea kaskazini. Gharama, uchovu, idadi ya siku na hata mambo ya usalama, karibu yote yanazaliwa hapo.

Reli zenyewe

Ya Kenya ndiyo kongwe kati ya hizi mbili. Ilianza kubeba abiria katikati ya mwaka 2017. Inatumia dizeli, na kutoka Nairobi (stesheni iko Syokimau, si katikati ya jiji) hadi Mombasa ni saa tano kwa ile ya moja kwa moja, au kama saa sita kwa ile ya asubuhi inayosimama Emali, Mtito Andei, Voi na kwingineko. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 za Kenya, na daraja la kwanza 4,500. Tiketi hukatwa kwa simu na kulipwa kwa M-Pesa. Watu hawapendi kuambiwa hivi, lakini ndivyo ilivyo: Desemba, Pasaka na sikukuu za Idi, kusubiri siku ya safari ndipo utafute kiti ni kujitafutia kulala Syokimau.

Ya Tanzania ilianza safari za Dar hadi Morogoro Juni 2024, na Julai mwaka huohuo ikafika Dodoma. Ni ya umeme, na imejengwa kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa. Dodoma hadi Dar hukatwa kwa muda wa chini ya nusu ya ule wa basi, na nauli ya treni ya kawaida ilitangazwa kuwa shilingi 31,000 za Tanzania. Wanaopanda ile yenye pua ndefu, ambayo watu wameibatiza mchongoko, hulipa zaidi kidogo na kufika mapema kidogo. Kwa mtu wa shanta tofauti hiyo haina uzito. Chagua kwa saa ya kuondoka, si kwa umbo la treni.

Kwa mandhari, Kenya inashinda bila ubishi. Treni ya mchana hukatiza Tsavo juu ya tuta refu lililoachiwa njia za chini ili wanyama wapite, na tembo wa huko, waliojipaka udongo mwekundu, huonekana dirishani bila kulipia geti la mbuga. Ukitoka Nairobi kaa upande wa kulia. Asubuhi isiyo na mawingu, mahali fulani baada ya Emali, Kilimanjaro hujitokeza upande huo. Upande wa Tanzania kuna mahandaki ya Kilosa na safu ya Uluguru unapokaribia Morogoro, nazo ni nzuri, ila mwendo ni mkali kiasi kwamba ukiinuka kutafuta simu kwenye shanta, mlima umeshapita.

Jambo moja kwa wenye vifaa vya kambi. Ukaguzi wa stesheni za Kenya hauna mzaha. Mizigo hupangwa chini kwa mstari, abiria husogezwa kando, na mbwa wa kunusa hupita begi kwa begi kabla hujaruhusiwa kulichukua tena na kulipitisha kwenye mashine. Kisu cha kambi na mtungi mdogo wa gesi havitapita. Na kama umezoea kufungia nguo kwenye mifuko ya plastiki, tafuta ya kitambaa: Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017, Tanzania Bara mwaka 2019, na Zanzibar ilitangulia wote.

Kutoka stesheni hadi majini: Dar

Stesheni ya SGR ya Dar iko ubavuni mwa stesheni ya zamani, katikati ya jiji. Ukitoka, shika Barabara ya Sokoine ukielekea upande wa Kivukoni, bandari ikiwa kulia kwako, mpaka uone mnara wa kanisa la Mtakatifu Joseph. Geti la boti za Zanzibar liko ng'ambo ya barabara. Ni mwendo ambao mtu mwenye shanta ya kilo kumi na kitu anaumaliza bila kutua, ingawa jua la saa sita mchana la Dar litakufanya uitazame bajaji kwa jicho la mapenzi.

Taabu iliyopo hapa ni ya watu, si ya barabara. Karibu na bandari utapokewa na vijana wanaojua unakwenda wapi kabla hujasema: "Kaka, boti inaondoka sasa hivi, njoo huku." Boti haiondoki sasa hivi. Nenda hadi dirisha la ofisi yenyewe, ukate tiketi kwa kitambulisho chako, usome jina na saa kabla hujaondoka dirishani. Anayetaka kubeba shanta yako naye apewe jibu mapema, maana ukinyamaza akalibeba, mmeshakubaliana.

Boti za mwendo kasi huondoka mara kadhaa kwa siku, ya kwanza asubuhi kama saa moja na ya mwisho alasiri. Kwa hiyo anayetoka Dodoma au Morogoro na treni ya asubuhi anaweza kulala Unguja siku hiyohiyo, ilimradi asikate boti ya kubana. Acha nafasi ya saa mbili kati ya treni na boti. Hakuna atakayekurudishia pesa kwa sababu treni ilisimama njiani.

Wageni kutoka nje ya Tanzania hulipa nauli ya juu kuliko raia, na hugongewa muhuri tena wanaposhuka Malindi, bandari ya Unguja, kwa kuwa Zanzibar ina uhamiaji wake. Tangu Oktoba 2024 wageni wa nje wanatakiwa pia kuwa na bima ya safari ya Zanzibar yenyewe, iliyopangwa dola 44. Ilipie mtandaoni kabla. Foleni ya wasiolipia si ya kuchekesha.

Kutoka stesheni hadi majini: Mombasa na barabara ndefu

Hapa ndipo kazi ilipo.

Treni inakuacha Miritini, nje ya kisiwa cha Mombasa. Kutoka hapo ni matatu au tuktuk hadi mjini, na mabasi ya Lamu yako pande za Mwembe Tayari. Basi hupanda kupitia Kilifi na Malindi, likavuka Mto Tana huko Garsen, likaingia Witu, Mpeketoni, Hindi, ndipo Mokowe. Barabara ya Garsen hadi Lamu ilikuwa vumbi na matope tupu. Siku hizi ni lami, na hilo limepunguza uchungu sana. Hata hivyo ni safari ya kutwa.

Saa ya treni ndiyo inayoamua kama utapoteza siku au la. Treni ya asubuhi hukufikisha Mombasa alasiri, na basi limeshakwenda zake, kwa hiyo utalala mjini. Treni ya saa nne usiku hukushusha kabla ya alfajiri, na ukitoka hapo moja kwa moja kwenda kwenye mabasi, unaweza kuwa Lamu jioni hiyo. Inachosha, na Tsavo utakuwa umeipita gizani, lakini kwa mwenye siku chache ndiyo hesabu inayokubali. Mwenye siku nyingi apande ya mchana, aone tembo, alale Mombasa, ale viazi karai na mahamri kwa mbaazi, kisha aamkie basi.

Usalama uzungumzwe wazi. Kaunti ya Lamu imepata mashambulizi, la Mpeketoni la mwaka 2014 likiwa baya kuliko yote, na msitu wa Boni ulio kaskazini umekuwa eneo la operesheni za vyombo vya usalama kwa miaka. Ndiyo sababu basi husimamishwa vizuizini, askari akapanda na kutazama vitambulisho kiti kwa kiti, na wakati mwingine abiria wote hushuka na kupanga foleni kando ya barabara huku basi likikaguliwa tupu. Sehemu nyingine mabasi husindikizwa. Wenyeji wanaipita njia hii kila siku na maisha yanaendelea. Hata hivyo, kabla ya kukata tiketi waulize watu wa mabasi hali ya wiki hiyo, usafiri mchana, na kitambulisho kikae mfukoni, si chini kabisa ya shanta. Asiyetaka wasiwasi huo hata kidogo achague Unguja, na asione haya.

Mokowe ni gati, basi. Unashuka, unaingia boti ya mbao yenye mashine, unavaa jaketi la kujiokolea, na muda si mrefu mji wa Lamu unakuja mbele yako ukiwa umejipanga wote ukingoni mwa maji. Baada ya basi la kutwa, upepo wa mlango ule ni malipo ya haki.

Bahari

Kwa anayeogopa maji, Lamu ina nafuu kubwa. Mlango wa Mokowe umekingwa na visiwa, na unavukwa kwa kama nusu saa. Unguja ni bahari ya kweli: kama saa mbili, na katikati ya mkondo hakuna kinachozuia mawimbi.

Mwanzo wa safari ya Dar hudanganya. Boti inatoka taratibu, inapishana na pantoni la Kigamboni, inaliacha soko la samaki na Ikulu upande mmoja, na abiria wote wamesimama na simu zao wakipiga picha. Ikishapita mdomo wa bandari, injini hubadilika sauti, na baada ya muda mabaharia hupita wakigawa mifuko ya kutapikia. Hapo mazungumzo hupungua. Msimu wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, mifuko hiyo hutumika. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Februari, kuna siku za utulivu na siku za upepo; miezi ya matlai, kusi ikiwa imekwisha na kaskazi haijashika, ndiyo ninayoipenda. Kaa nyuma, chini, karibu na katikati ya boti, tazama upeo wa macho na si simu, na tangawizi kavu mdomoni husaidia kuliko watu wanavyoamini. Sitaha ya mbele ya juu waachie wanaotafuta picha.

Ajali za MV Spice Islander mwaka 2011 na MV Skagit mwaka 2012 bado ziko vinywani mwa watu wa visiwani. Ukiona chombo kinaendelea kupakia watu baada ya viti kujaa, shuka. Kuna kingine kesho.

Ukishafika

Unguja ni kubwa. Kushuka bandarini si kufika ufukweni. Bado kuna daladala ya 116 kwenda Nungwi au 309 kwenda Jambiani, shanta likifungwa juu pamoja na mifuko ya mchele. Mapapasi watakufuata kutoka getini hadi Mji Mkongwe wakikuuzia teksi, hoteli na viungo. Kataa kwa salamu nzuri na uendelee kutembea.

Mwenye lengo la kuogelea asichague kijiji kwa picha, achague kwa maji. Pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, maji yakipwa hurudi mbali mno. Wakati wa bamvua unaweza kutembea muda mrefu ukipita mashamba ya mwani ya akina mama kabla maji hayajafika magotini. Ni pazuri kwa macho na kwa wanaocheza na tiara za upepo. Nungwi na Kendwa, kaskazini, huogeleka karibu saa zote, ndiyo maana kuna watu wengi na bei zake ni za watu wengi. Mji Mkongwe wenyewe utakula siku bila kujua: Ngome Kongwe, vichochoro, urojo wa jioni. Beit el Ajaib, jumba la mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake Desemba 2020, kwa hiyo usipange siku yako kulizunguka.

Lamu ni ndogo na ukishashuka gatini umefika. Vichochoro vya mji havikujengewa magari; mizigo hubebwa na punda na mikokoteni, na kanuni ya kwanza ya barabara ni kumpisha punda, kwani yeye hatakupisha. Ngome iliyomalizwa kujengwa mwaka 1821 iko katikati. Ufukwe uko Shela, mwendo wa miguu kandokando ya maji au boti fupi, na mchanga wake unaendelea kwa kama kilomita 12 ukiwa karibu mtupu. Hakuna kitu Unguja kinachofanana na ukimya wa mwisho wa ule ufukwe. Kwa upande mwingine, mwenye kutaka muziki wa usiku na meza za vinywaji atachoka Lamu siku ya pili.

Kote kuwili ni miji ya Waislamu, na nguo za ufukweni zibaki ufukweni. Mwezi wa Ramadhani migahawa mingi ya kawaida hufungwa mchana. Anayesafiri bajeti, anayetegemea mamantilie na vibanda, alijue hilo kabla, kisha ajitayarishe kufurahia futari, maana jioni chakula ni cha kukumbukwa.

Na Tazara?

Wapo wanaosafiri kwa ajili ya treni yenyewe, kisiwa kikiwa kisingizio. Hao nawaelekeza kwenye reli ya tatu: Tazara, kilomita 1,860 kutoka New Kapiri Mposhi, Zambia, hadi Dar, iliyojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa mwaka 1976. Kuna vyumba vya vitanda, vinne daraja la kwanza na sita daraja la pili, wanaume mbali na wanawake mbali isipokuwa mmechukua chumba kizima. Kati ya Makambako na Mlimba reli hushuka milima kwa mahandaki na madaraja mfululizo, na baadaye hukatiza eneo la hifadhi ambalo kwa miaka mingi liliitwa Selous. Hakuna SGR inayokaribia uzuri huo.

Lakini safari zake za abiria zimekuwa za kusuasua, na kuchelewa kwa saa nyingi ni jambo la kawaida. Usiingize Tazara kwenye mpango bila kupiga simu stesheni kuhakikisha treni inatembea wiki hiyo, na usikate boti ya Unguja mpaka uwe umeshuka Dar. Stesheni yake iko Barabara ya Nyerere, mbali na bandari, kwa hiyo ongeza daladala au bajaji.

Sasa, nani aende wapi

Mwenye siku nne au tano, au anayesafiri na mtoto, au anayesafiri hivi kwa mara ya kwanza: Unguja kwa SGR ya Dodoma au Morogoro. Maungio ni machache, na kila chombo kina kingine nyuma yake ukikikosa. Mwenye wiki nzima na zaidi, aliyekwisha kuona Unguja, au anayechoshwa na watu wanaomuuzia vitu: Lamu. Kwa siku chini ya tano Lamu kwa nchi kavu ni kujitesa, maana siku mbili zinakwisha barabarani, moja ya kwenda na moja ya kurudi.

Mkenya anayeitaka Unguja ajue kwamba hakuna treni ya abiria inayovuka mpaka kati ya nchi hizi mbili. Itabidi SGR hadi Mombasa, basi kupitia Lungalunga na Horohoro hadi Dar, kisha boti. Pasipoti au hati ya muda ya kusafiria ni lazima, na cheti cha homa ya manjano kiwe karibu. Inawezekana, na ni nafuu kuliko ndege, ila usiilinganishe tena na Lamu kwa wepesi, kwa sababu ule wepesi wa Dar ni wa anayekuja kwa reli kutoka bara.

Na kama muda wako ni wikiendi tu, kumbuka Mombasa yenyewe ni kisiwa. Shuka treni, fika Likoni, vuka na feri ambayo mtembea kwa miguu halipi kitu, panda matatu hadi Diani. Treni, feri, mchanga mweupe. Hakuna askari wa kukagua basi wala muhuri wa uhamiaji.

Kurudi kunastahili mpango wake. Kutoka Unguja, boti ya kwanza ya asubuhi hukufikisha Dar mapema vya kutosha kwa treni ya mchana. Ya mwisho ya alasiri karibu hakika itakulaza Dar. Kutoka Lamu, basi la Mombasa huondoka Mokowe asubuhi, kwa hiyo mtu wa boti aagizwe usiku uliotangulia, akupigie hodi kungali giza. Likienda vizuri utakuwa Mombasa jioni, na treni ya saa nne usiku itakukuta umeshaoga na kula. Tiketi ya treni hiyo ikate kabla hujaondoka Lamu.